Dawa ya minyoo ya ini kwa ng'ombe aliyekaushwa: uzoefu wangu, Moshi

Ninafuga ng'ombe wawili wa maziwa kihambani kwetu Kibosho. Kama ilivyo kwa majirani wengi, hawatoki bandani. Hula migomba ya shambani pamoja na majani ninayonunua kutoka tambarare. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ng'ombe asiyechungwa hawezi kupata minyoo ya ini. Nilikosea, kwa kuwa mengi ya majani hayo hukatwa kandokando ya mifereji na majaruba ya mpunga, wanakoishi konokono wanaoeneza minyoo hiyo, na hivyo maradhi hupanda mlimani ndani ya mzigo wa majani.

Mwaka jana ng'ombe wangu mkubwa alikonda ingawa alikula pumba na mashudu vizuri, na utando wa macho yake ukapauka. Mtaalamu wa mifugo niliyemwita alipima kinyesi, akakuta mayai ya minyoo ya ini. Kwa kuwa zilibaki siku chache tu tumkaushe, yaani tuache kumkamua, miezi miwili kabla ya kuzaa, alishauri tumtibu siku ile ile ya kumkausha. Dawa za minyoo hii hukaa muda mrefu katika maziwa, na maziwa hayo hayafai kunywewa na watu, ilhali ng'ombe aliyekauka hana maziwa ya kumwaga. Tena kibandiko cha chupa huweka siku ambazo dawa haipaswi kutolewa kuelekea kuzaa, kwa hiyo kuchelewa hadi wiki za mwisho hakufai.

Alitumia triklabendazoli ya kunywesha. Albendazoli niliyozoea kununua dukani huua minyoo ya ini iliyokomaa tu, lakini hii huua hata ile michanga ambayo bado inatoboa ini na haijaanza kutaga mayai. Nilipenda pia alivyomnywesha taratibu bila kumwinua kichwa kupita kiasi, maana dawa ikiingia mapafuni inaweza kumuua.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo: alikadiria uzito kwa macho, akasema kilo 350. Nilipoleta utepe unaozungushwa kifuani kukadiria uzito tukapata 420. Kwa miligramu 12 kwa kila kilo, na dawa ya asilimia 10, angempa mililita 42 badala ya 50, na kipimo pungufu huacha hai minyoo inayoanza kuizoea dawa. Alikubali kusahihisha bila ubishi, nami nilimshukuru.

Ng'ombe alizaa salama, akapanda kutoka lita 9 za uzao uliotangulia hadi 12 kwa siku. Nilimwongezea pumba pia, kwa hiyo sitaipa dawa sifa yote. Hata hivyo macho yamerudi kuwa mekundu na mwili umejaa. Ng'ombe wa pili anakaushwa mwezi ujao. Nitamwita mtaalamu huyo huyo, na utepe utapita kifuani kabla chupa haijafunguliwa.