Nimetembezwa Goma kwa mguu, kuanzia Rond-point Chukudu

Nilitoka Bukavu kwa boti mwaka 2022, nikamlipa dola 10 kijana mmoja anayetembeza wageni mjini Goma, mashariki mwa Kongo. Nilimweleza mapema: ufukwe na hoteli nimeshaziona, nionyeshe vitu ambavyo mji umejichongea na kujichorea.

"Basi mama, tuanzie Chukudu," akasema, yaani kwenye mzunguko wa barabara wenye jina la chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo.

Ile sanamu ya rangi ya dhahabu, mtu na chukudu yake, ipo pale tangu 2009. Mimi mwenyewe nimeizunguka mara nyingi nikiwa juu ya pikipiki. Safari hii kijana alinisimamisha kando, akaniomba niiache sanamu kwanza, nitazame barabara. Ikapita chukudu yenyewe, imejaa magunia ya makaa. Nyingine ikafuata na viazi. Akamsalimia papa mmoja aliyekuwa anapumzika, akamwomba atuonyeshe yake. Mbao za mkaratusi, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, kipande cha mpira pa kuwekea goti, na kingine nyuma anachokanyaga mteremko ukizidi. Alikuwa ameshuka na mzigo kutoka Kibumba alfajiri.

"Kushuka inanibeba," papa akasema, "kupanda naibeba mimi."

Nilipoinua macho tena kwenye sanamu, nilimwona mtu mwenye safari, anayetoka mahali fulani na anayengojewa nyumbani. Kwa dakika hizo tu, dola 10 zilikuwa zimeshajilipa.

Kwenye kuta za mawe meusi kijana alienda mbio mno. Haya ni mawe ya Nyiragongo, volkano ya hapo karibu na mji! Tarehe 17 Januari 2002 uji wa moto ulikata mji hadi ziwani, ukaangusha hata kanisa kuu, na ulipopoa watu wakaupasua wakajengea. Nilimsimamisha mbele ya ukuta mmoja ambao fundi alikuwa amelifuata kila jiwe kwa saruji, pembe kwa pembe, hakuna mawili yanayofanana. Kwangu hiyo ni sanaa ya mtaani kuliko mchoro wowote, na anayetembeza watu Goma aipe nusu saa yake.

Vibao vya saluni vilinifurahisha pia, vile vyenye vichwa na mitindo ya nywele iliyochorwa kwa mkono. Ombeni kuvipitia, maana milango mingi sasa imetundikwa mabango ya kuchapishwa.

Tuliahidiana saa mbili, tukamaliza kwa saa moja na robo, hilo sikulipenda. Vaeni viatu vilivyofunika miguu, mawe ni makali na vumbi ni jingi. Ombeni kuanza saa kumi na mbili asubuhi, mizigo inapoingia mjini. Halafu ulizeni kabla ya kulipa kama bei inamhesabu na mwenye chukudu. Yangu haikumhesabu, yule papa nilimpa mwenyewe franka za chai kwa muda wake.