TAHADHARI: Anayeuza mashine za CNC na "mafunzo" anachonga hewa kwenye video, msimpe pesa

Naandika nikiwa na hasira na sitaipunguza. Kuna mtu anauza mashine za CNC, yaani mashine za kuchonga mbao zinazoongozwa na kompyuta, pamoja na anachokiita mafunzo kamili kwa wanaoanza biashara ndogo. Ni tapeli. Amenipiga pesa yote niliyoiweka kwa ajili ya karakana, na kama hujawahi kusimama mbele ya mashine ya aina hii ikila mbao, atakupiga na wewe.

Wanaonifahamu wanajua habari ya karakana na kwa nini nilikuwa na haraka ya mashine, sirudii hayo. Niende moja kwa moja kwenye simu ya video, kwa sababu ndipo alipoichukua pesa yangu.

Alinipigia mwenyewe. Nilikuwa nimemwandikia tu kwamba picha kila mtu anazo, nataka kuona mashine inachonga. Nikategemea atanitumia klipu kama wengine. Mara simu ikaita, ya video, nikamwona amesimama kwenye karakana, aproni imejaa vumbi, penseli iko sikioni, mbao zimeegeshwa ukutani nyuma yake. Akasema, "Dada yangu, nimeona nikupigie usije ukadhani natumia video ya mtu mwingine. Niambie nifanye nini nikufanyie sasa hivi." Nikamwambia aandike jina langu na tarehe kwenye karatasi. Akaandika nikimtazama, akaibandika kwenye fremu ya mashine kwa selotepu. Niambieni, nani asingeamini hapo? Mtu anakupigia yeye, anafanya unachomwambia, hana wasiwasi hata kidogo.

Mashine yenyewe ilikuwa na meza ya sentimita 60 kwa 90. Katikati imekaa spindo, yaani mota inayozungusha biti ya kuchongea, nene ya rangi ya fedha, juu yake yanatoka mabomba mawili ya maji ya bluu. Akaniambia ni spindo ya kilowati 2.2 inayopozwa kwa maji, mizunguko 24,000 kwa dakika. Mezani alikuwa ameshabana kipande cha mtiki chenye maua ya nakshi, akasema ni mlango wa mteja na hapo mashine inamalizia. Akabonyeza. Spindo ikatoa ile sauti yake nyembamba, daraja linalobeba spindo likaanza kwenda na kurudi, biti ikawa inapanda na kushuka ikifuata petali moja baada ya nyingine. Alisogeza kamera karibu mno, nikaona ncha inavyoingia kwenye shina la ua na kutoka upande wa pili bila kukosea hata kidogo. Huku anaeleza kwa utulivu kabisa: hatua ya kwanza unaondoa mbao nyingi kwa biti bapa, kisha unamalizia kwa biti yenye ncha ya duara, mistari ikiwa imebanana, kila mmoja usogee kama sehemu ya kumi tu ya kipenyo cha biti, ndiyo maana uso unatoka laini hata msasa hauna kazi kubwa.

Na hayo yote ni kweli! Ndicho kinachoniuma. Nimekuja kujifunza kuchonga kwa watu wengine na kila alichosema siku ile kuhusu kuchonga kiko sahihi. Fani anaijua. Ameamua tu kuitumia kuibia watu.

Nikamuuliza mbona sioni maranda. Nililiuliza hilo swali kwa mdomo wangu. Hakusita. "Kifyonza vumbi hicho, dada, hakibakishi kitu." Akageuza kamera, nikaona bomba pana linaingia kwenye pipa, na mlio wake nikausikia. Akasimamisha mashine, akapiga brashi juu ya ua, akapitisha kidole. Laini kabisa. Jioni hiyo nikatuma pesa.

Lile ua lilikuwa limeshachongwa zamani, kwenye mashine nyingine yenye nguvu. Alichofanya ni kupakia faili ileile ya mchoro wa ua, akainua biti kidogo, ikawa inapita juu ya petali bila kuzigusa. Kutokea pembeni ya kamera huwezi kuona ule upenyo. Mashine ilikuwa inachonga hewa na mimi nashangilia.

Nilikuwa nimeirekodi ile simu. Nilipomwonyesha fundi mmoja mzoefu hakuitazama hata picha, alisikiliza tu. Akaniambia, "Sikiliza mlio, haubadiliki." Spindo inapoingia kwenye mbao ngumu inazama sauti, inakuwa nzito, ikitoka inapanda tena. Kwenye video ya huyu mwizi sauti ni moja mwanzo hadi mwisho.

Sasa mzigo ulipofika. Fremu ni ileile ya kwenye video, hata alama ya selotepu ya ile karatasi yenye jina langu ilikuwepo. Ila niliposhika spindo nikapata baridi mwilini. Spindo ya kweli ya kilowati 2.2 ina kipenyo cha milimita 80, ni chuma kitupu, unaibeba kwa mikono miwili. Hii niliinyanyua kwa vidole. Nikafungua kifuniko cha juu. Ndani ya lile gamba la alumini kuna mota ndogo ya volti 24, ile inayoitwa 775, imezungushiwa sponji na kugandishwa kwa gundi. Yale mabomba mawili ya maji yanaishia kwenye kifuniko. Yamekatwa, yamebandikwa. Hayaendi popote. Alikaa chini na gundi yake akatengeneza uongo huo kwa mkono, akaupaka rangi, akanipigia simu akaniita dada yangu.

Kona za fremu zilizoonekana chuma ni plastiki iliyopuliziwa rangi. Ukiibana spindo kwa mkono na kuisukuma, daraja zima linacheza.

Nilijaribu hata hivyo, kwa sababu oda nilikuwa nimeshapokea. Kwenye mtiki biti iliingia milimita mbili, mota ikalia, ikasimama, na daraja likaendelea kusukuma mpaka biti ikakatika. Mbao ikabaki na mstari mweusi na harufu ya kuungua. Nikahamia kwenye msonobari, nikapunguza kina, nikapunguza mwendo. Ikachonga, lakini mota za kusogeza daraja zikawa zinaruka hatua, kwa hiyo kila inaporudi kuongeza kina inaanzia pembeni ya pale ilipoachia. Kibao cha jina nilichokuwa namchongea mteja kilitoka herufi zimejirudia pembeni, kama mtu anayeona mbili mbili. Mteja alikuja kukichukua na familia yake. Nikamrudishia advansi mbele ya watoto wake, sijui hata niliangalia wapi.

Na bado kuna la leseni. Juu ya bei ya mashine alinitoza pesa nyingine ya "leseni ya GRBL", akisema bila hiyo mashine haiwaki. Ndugu zangu, GRBL ni programu ya bure ya kuendesha mashine hizi. Iliandikwa na Simen Svale Skogsrud kuanzia mwaka 2009, wengine wakaiendeleza, na ni huria: unaipakua, unaiweka kwenye Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kielektroniki inayoongoza mashine, hulipi mtu. Huyu anauza jasho la watu waliolitoa bure, tena anakutumia "risiti ya leseni" yenye muhuri. Hayo mafunzo nayo ni flashi yenye video alizozinyakua kwa wengine, na programu ya kuchora iliyovunjwa ambayo inakutaka uzime kinga ya virusi kwanza. Msiiweke kwenye kompyuta zenu. Nilipomuuliza kuhusu mota akasoma ujumbe, akanizuia.

Mtu huyu akamatwe. Sizungumzii kurudishiwa pesa halafu yaishe, pesa arudishe na mahakamani afike. Aeleze mbele ya hakimu yale mabomba ya maji yalikuwa ya kupoza nini. Mashine zote alizonazo zichukuliwe zisije zikamfikia mwingine, na akaunti anayopokelea pesa ifungwe. Kuna vijana wanakopa ili waanze na mashine moja, kuna waliouza zana zao za mkono, patasi na randa za wazee wao, wakijua CNC itawainua. Anajua kabisa anaowaibia ni watu wa namna gani, maana ndio anaowatafuta, wanaoanza, wasio na mtu wa kuwaambia sikiliza mlio. Asionewe huruma na yeyote.

Ukitaka kununua kwa mtu, mwambie abane mbao mpya isiyo na alama, kifyonza kizimwe, achonge mfereji wa milimita tatu ukiona maranda yanaruka. Na akuonyeshe inveta, kile kifaa cha umeme kinachoendesha spindo na kupanga kasi yake. Spindo ya kilowati 2.2 haiwaki bila inveta, na kwenye video yangu hakuna inveta wala pampu ya maji, nimeitafuta kila pembe. Mlango wa mtiki wenye nakshi nzito unachukua saa nyingi, anayekuambia dakika 20 mkatie simu. Leseni ya GRBL hakuna.

Anabadilisha namba na jina, lakini ile aproni, lile pipa la vumbi na lile ua la petali nane vinajirudia kwenye matangazo yake yote, nimeshayakuta mengine mawili. Kama umeliona hilo ua, au umeshatuma pesa, niandikie leo. Rekodi ya simu ninayo, miamala ninayo, mota na lile gamba nimevifunga kama nilivyovifungua. Polisi nimeshafungua jalada, na kila malalamiko yanayoongezeka yanamfanya ashindwe kusema ni bahati mbaya ya mteja mmoja.