Bajaji ya Matangazo na Mtaro wa “Mamlaka Husika”: Tathmini ya Huduma za Masika katika Ofisi Yetu ya Mtaa

Tathmini hii inahusu huduma ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa huduma, kwa sababu haina dirisha la malipo wala bei iliyobandikwa ukutani: taarifa ambazo ofisi ya serikali ya mtaa huwapa wakazi kabla ya mvua na wakati wa mvua, pamoja na kazi ambazo taarifa hizo huahidi. Ninaishi katika mtaa huu wa Dar es Salaam kwa mwaka wa 19 sasa, bondeni, upande ambao maji ya Mto Msimbazi huingia bila kubisha hodi. Nimeyafuatilia matangazo ya ofisi hiyo kwa karibu tangu vuli ya mwaka 2023, pale Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza ujio wa El Niño na kila mwenye nyumba ya bondeni akaanza kutafuta matofali ya kuinulia kitanda. Jina la mtaa sitalitaja. Mwenyekiti wetu ni jirani yangu na tunaswali msikiti mmoja. Ninachokusudia kukipima ni huduma, si mtu.

Taarifa za ofisi hupita njia tatu. Ya kwanza ni ubao wa matangazo, nao niumalize upesi: umetundikwa nje, chini ya bati lililotoboka, na karatasi zinazoonya kuhusu mvua husomeka mpaka mvua yenyewe inaponyesha.

Njia ya pili ni kundi la WhatsApp la mtaa. Humo tangazo hufika ndani ya dakika moja na kuzama ndani ya dakika kumi, likifunikwa na taarifa za misiba, mbuzi waliopotea, vyumba vya kupangisha na picha za mafuriko ya Desemba 2011 ambazo kila mwaka kuna mtu huzirusha upya kana kwamba zimepigwa asubuhi hiyo. Hata hivyo, haki ya mtu ni kumpa. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea kuelekea pwani yetu na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, kundi lilijaa sauti za watu wasiojulikana walioapa kwamba bahari ingepanda usiku huohuo. Mtendaji wa mtaa, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu wa mwisho, hakubishana na mtu. Aliweka taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kama ilivyotolewa, akaandika chini yake saa aliyoipokea, na kila taarifa mpya ilipotoka akaiweka na kuifuta ya zamani. Jambo hilo la kufuta la zamani ni dogo kulitaja, lakini ndilo lililotuokoa na mkanganyiko, kwa kuwa katika makundi ya mitaa mingine niliyomo watu walikuwa wakisambaza onyo la juzi na la leo kwa pamoja.

Alifanya pia kazi ambayo sikuitarajia kutoka ofisi ya mtaa, nayo ni kufafanua. Alieleza kwamba rangi ya njano katika ramani za hali ya hewa ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Alieleza kwamba mvua ikiitwa “kubwa” maana yake ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 kwa masikio ya mtu wa kawaida ni kitu kidogo, upana wa vidole vitatu, na ndiyo maana watu hulidharau onyo. Nilikaa nikapiga hesabu kwa nyumba yangu: paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 10, likipokea milimita 50, linamwaga lita 5,000, yaani matangi matano ya lita 1,000 kutoka paa moja, kabla hujahesabu ua, njia na paa za majirani wa mlimani ambao maji yao yote huteremka kwetu. Niliiweka hesabu hiyo kundini. Kwa mara ya kwanza jioni ile hakuna aliyenijibu kwa kichekesho.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipa heshima kubwa kuliko zote, nayo ni bajaji yenye kipaza sauti. Hupita kati ya saa kumi na moja jioni na magharibi, wakati watu wamekwisha kurudi kutoka kwenye mihangaiko na akina mama wako uani, ikiendeshwa na kijana ambaye siku nyingine hutangaza mechi za vibanda umiza. Jirani yangu, bibi anayetumia kitochi na asiye na haja ya intaneti, hupata habari zake zote hapo. Bajaji humwambia avitoe vitu sakafuni, azime swichi kuu maji yakikaribia kizingiti, asiwaruhusu wajukuu kuvuka mto kwa miguu, na, kwa sauti inayorudiwa mara tatu, kwamba ni marufuku kutapisha vyoo wakati wa mvua. Wasioishi bondeni huenda wakacheka wakisikia kwamba onyo hilo linahitaji kipaza sauti. Ukweli ni kwamba wapo wanaosubiri mvua kubwa ili waufungulie uchafu wa mashimo yao uende na maji, na uchafu huo hauendi mbali. Huishia kwenye uwanja wa mtu wa chini. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015, ambao baadaye ulisambaa katika mikoa mingi, ulianzia katika jiji hili hili mwezi Agosti.

Kama tathmini hii ingehusu habari peke yake, ningeiishia hapo na kuwapongeza. Taabu huanza pale tangazo linapogeuka ahadi.

Februari kila mwaka hutolewa tangazo lenye sentensi ambayo nimekwisha kuikariri: mitaro yote itazibuliwa na mamlaka husika kabla ya masika. Tangazo halisemi mtaro upi, tarehe ipi, wala mamlaka husika ni nani. Hili la mwisho si la kupita juu juu, kwa sababu katika jiji letu mtaro mmoja unaweza kuwa na wenyewe wengi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaani, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Majitaka yanayopita kwenye mabomba ni ya DAWASA. Usafi na uzoaji taka ni wa halmashauri. Na kijifereji kilicho mbele ya geti lako ni chako mwenyewe. Maji hayaujui mgawanyo huo. Mtaro wetu huanzia kwenye kijifereji cha watu, hufuata barabara ya mtaani, kisha huingia kwenye kalavati chini ya barabara kubwa, na tope likiziba kalavati, nyumba zinazoogelea ni zile zilizo nyuma.

Masika iliyopita, wiki ya pili ya Machi, kalavati lilikuwa limeziba na Februari ilikuwa imekwisha kupita na ahadi yake. Nilikwenda ofisini. Mtendaji alinipokea kwa adabu, “Shikamoo mzee, karibu ukae,” akanipa kiti chake, kwa kuwa kiti cha wageni kilikuwa kimevunjika mguu. Nilimwuliza mamlaka husika ya mtaro wetu ni ipi. Alifungua jalada, akalifunga, akaniambia kwa unyoofu, ambao ninaushukuru, kwamba maneno hayo huja yameandikwa hivyo hivyo kutoka juu, na kwamba yeye mwenyewe hupiga simu mbili au tatu kabla ya kumpata anayehusika. Nilitumia siku mbili na nauli za daladala kujua jambo ambalo lingeweza kuandikwa kwenye tangazo kwa mstari mmoja. Nyuma ya mlango wa ofisi, nilipokuwa natoka, niliona ramani ya kata imebanwa kwa misumari, ikionyesha mitaro na maeneo yanayofurika. Tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria umechora ramani za aina hiyo katika kata nyingi za jiji, kwa miguu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wenyewe. Isitoshe, operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilitupatia nguzo za majina ya barabara na namba za nyumba. Kwa vitu hivyo viwili, tangazo lingeweza kusomeka hivi: mtaro wa barabara fulani, kuanzia nyumba namba 14 hadi namba 60, utazibuliwa na ofisi fulani, wiki fulani, na simu ya kuulizia ni hii. Ramani ipo, nguzo zipo, na simu za ofisi zote zipo kwenye daftari la mtendaji.

Mpwa wangu anaishi Chicago, na nilipomsimulia alinieleza jinsi jiji lile linavyojiandaa na theluji, ambayo ndiyo masika yao. Kuanzia Desemba 1 hadi Aprili 1, katika baadhi ya barabara kuu, hairuhusiwi kuegesha gari kati ya saa 9 usiku na saa 1 asubuhi, hata kama theluji haijaanguka, na mwenye gari anajua hivyo kabla ya baridi kuanza. Barabara kuu husafishwa kwanza, za makazi hufuata, na tangu mwaka 2012 mkazi anaweza kutazama kwenye intaneti gari la kusukuma theluji liko wapi. Sisemi tununuliwe mitambo kama yao. Ninasema kwamba kuwaambia watu zamu yao ni lini hakuhitaji mtambo.

Kazi inayofanyika kwa nguvu zetu wenyewe ni usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na hapa mtaa wetu hauna aibu. Watu hutoka na majembe, machepe na mabuti, maduka hufunguliwa baada ya kazi, na mwenyekiti mwenyewe huingia mtaroni, jambo ambalo sijaliona kila mahali. Kasoro yake ni moja na ni ya kusikitisha. Tope tunalolitoa huachwa ukingoni, likisubiri guta la kulibeba. Guta lisipokuja, mvua ya kwanza hulirudisha lote mtaroni, likiwa limechanganyika na chupa za plastiki. Mwezi Aprili tulizibua mtaro uleule mara mbili na tope lilelile. Nalifahamu, lilikuwa na kandambili nyekundu ya mtoto iliyotoka mara zote mbili.

Kuhusu uzoaji wa taka sina maneno mengi. Malipo ya ada kwa namba ya malipo yenye risiti ya kielektroniki yamemaliza ugomvi wa zamani wa “nilimpa yule kijana”. Njia ikiharibika na gari likashindwa kuingia, siku hizi mzoaji huleta guta na kuvitoa viroba hadi barabarani, na tangazo la mabadiliko hayo hutolewa siku moja kabla. Hapo habari na kazi vimekutana, na inawezekana kwa sababu mwenye kazi anajulikana kwa jina.

Liko jingine ambalo ningependa lirekebishwe kabla ya lolote, hata kabla ya kalavati. Maji yakipanda, bajaji hutuambia tuhamie maeneo salama. Maeneo hayo hayatajwi. Ni shule ipi itakayofunguliwa, ufunguo uko kwa nani usiku, na bibi wa kitochi atabebwa na nani? Baada ya mafuriko ya 2011 baadhi ya familia za bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande, na wapo waliorudi bondeni kwa sababu ya umbali na riziki. Kwa hiyo mtu wa huku akisikia “hamieni” huwaza safari ndefu na maisha mapya, wakati pengine kinachotakiwa ni kulala darasani usiku mmoja, mita 300 kutoka kwake. Usiku mmoja wa Aprili tulikaa juu ya meza hadi alfajiri, na asubuhi vijana wakatuvusha kwa mkokoteni kwa shilingi 500 kila mmoja. Shule ya msingi iliyo juu kidogo ya kwetu ilikuwa kavu usiku kucha.

Nikipewa nafasi ya kutoa alama, taarifa za hali ya hewa na za afya nazipa nane kati ya kumi. Mbili nimezikata kwa ajili ya ubao. Uzibuaji wa mitaro naupa tatu, na zote tatu ni za wakazi wenye majembe. Mtendaji hayumo katika hesabu hiyo, kwa kuwa anaandika anachopewa.

Juzi jioni bajaji ilipita tena. Nilikuwa barazani, nikasikia maneno yaleyale, nikamsimamisha kijana na kumwuliza safari hii mamlaka husika ni ipi. Alizima kipaza sauti, akaitazama karatasi yake pande zote mbili, akasema, “Hapa hawajaandika, mzee.” Kisha akawasha, akaendelea na onyo la vyoo.