Notisi za Marekani magharibi: elfu tano yangu haijapotea, ila kurasa nne sijaziona

Nimenunua daftari la notisi za historia, hizi za kupigwa kopi, kwenye steshenari moja hapa Chake (jina nalihifadhi, wenyewe watajijua), shilingi elfu tano, maana mdogo wangu yuko fom siksi na mada yao ni Wamarekani kuhamia magharibi baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Nikasema nipitie kidogo tu kabla sijampa, nikashtukia adhana ya alfajiri.

Sababu zimeelezwa vizuri mno, alieandika anajua kusomesha. Ile Homestead Act ya 1862 kaifananisha na eka tatu zetu za baada ya mapinduzi: huku mtu kapewa eka 3, kule anajiandikisha eka 160, analipa ada ndogo, anakaa na kulima miaka 5 ndo inakuwa yake. Hata asiependa historia hapo anaelewa. Na hakuishia kusifia, kasema kule nyanda kavu hizo eka 160 zilikuwa hazitoshi, mvua ya kubahatisha, miti ya kujengea hakuna, watu wakakata udongo na majani yake wakajengea nyumba, na wengi walishindwa wakaondoka zao. Reli nayo imo, ile ya kutoka mashariki na ile ya kutoka magharibi zilivyokutana Promontory kule Utah tarehe 10 Mei 1869, na Wachina waliovunjika migongo kwa kuijenga upande wa magharibi, halafu makampuni ya reli yakapewa ardhi na serikali yakawa yanasaka wanunuzi mpaka Ulaya. Kilichonifurahisha zaidi ni seng'enge! Mmarekani mmoja, Glidden, kaipatia hataza 1874, na penye nchi isiyo na miti ya uzio ndo ikamuwezesha mkulima kuzuia ng'ombe wa watu wasimalize shamba. Mie seng'enge naiona kila siku wallahi sijawahi kuifikiria hivo.

Sasa matokeo, hapo nimekereka. Miji, ngano, viwanda, kurasa sita nzima, wenyeji wenye nchi mistari minne, utadhani walikuwa wapita njia. Milima ya Black Hills haimo kabisa, wakati Walakota, kabila la wenyeji hao, waliahidiwa kwa mkataba wa 1868 kuwa ni yao, ilipoonekana dhahabu 1874 mkataba ukawa karatasi ya kufungia njugu. Nyati waliokuwa mamilioni kuja kufika mwisho wa miaka ya 1880 wamebaki mamia, na yule nyati ndo chakula, ndo nguo, ndo hema. Dawes Act ya 1887 ikakata ardhi ya kabila vipande vya mtu mmojammoja, iliyobaki wakauziwa walowezi. Mauaji ya Walakota pale Wounded Knee ni Disemba 1890, mwaka uleule sie tunawekwa chini ya Muingereza, kwa mwalimu wa Pemba huo mfano si ungemuangukia mkononi tu? Swali likija sababu na matokeo mtoto atajibu nusu.

Halafu kurasa ya 14 mpaka 17 hazimo. Nimerudi dukani, yule dada wala hakubisha, kanambia niache namba, siku ya tatu hii kimya.

Upande wa sababu nampa nyota nne, upande wa matokeo mbili. Ukienda kununua lifungue pale pale kauntani uhesabu kurasa kabla hujatoa pesa.