Secure Folder na Maintenance Mode za Samsung: nimezitumia karibu miaka mbili hapa Kisumu, haya ndio nimeona

Hizi ni njia mbili za simu ya Samsung: Secure Folder ni folda ya kufungia picha na apu za siri, Maintenance Mode ni ya kuficha vitu vyako simu ikienda kwa fundi. Wacha nianze na kile kilinifanya nizitafute, juu bila hiyo hamtaelewa kwa nini naiandikia kirefu hivi.

Simu yangu ya zamani ilianguka kwa lami pale Kondele nikishuka tuktuk, kioo ikapasuka yote. Nikaipeleka kwa fundi mmoja huku town, kale kabanda ka vioo na simu zimepangwa mbele. Akaniambia, "Madam niachie PIN, nikimaliza nijaribu tachi." Nikampea, si kila mtu hupeana? Nikaenda Kibuye kununua omena na nyanya, kurudi baada ya kama saa moja na nusu nikapata yeye na kijana mwingine wameinamia simu yangu, galari iko wazi, wanapitisha picha moja baada ya nyingine.

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimefanyiwa operesheni na daktari alikuwa amesema nimtumie picha za kidonda kila siku mbili tatu aone kama kinafunga. Kidonda kilikuwa chini ya kitovu. Hizo ndio picha zilikuwa mle ndani. Na tena mimi ni mweka hazina wa chama yetu, tuko wamama kumi na saba, na kwa hiyo galari kulikuwa na picha ya kitambulisho ya kila mmoja, mbele na nyuma, na kurasa za daftari ya michango na nani amekopa ngapi. Hivyo havikuwa vitu vyangu. Hao wamama walinipea wakiniamini. Nilichukua simu nikalipa nikatoka, mikono inatetemeka, sikusema kitu, na mpaka leo sina njia ya kujua kama kuna kitu walijitumia.

Usiku huo sikulala. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inasema kila mtu ako na haki ya faragha, na tangu 2019 tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data, lakini ukisimama mbele ya kibanda cha fundi utamwambia nini? Ushahidi huna.

Kwanza nilijaribu zile apu za kujifanya kalkuleta, unaweka namba fulani halafu inafunguka picha zako za siri. Sitaitaja jina lakini ziko nyingi Play Store na zinafanana tu. Hiyo kitu iliniuliza ruhusa ya kusoma namba za watu kwa simu, ruhusa ya kujua mahali niko, ruhusa ya maikrofoni, na matangazo kila ukifungua. Apu ya kuficha picha inataka namba za watu wangu za kazi gani? Nilikubali juu nilikuwa na uoga. Halafu siku moja mtoto wa dadangu akataka nafasi ya gemu, akaona kalkuleta ziko mbili, akafuta moja. Picha zote zikaenda nayo. Vitambulisho nikaanza kuitisha upya, mama mmoja anaishi Ahero ilibidi aende saiba atume tena, nikaona aibu sana.

Sasa Samsung. Mwisho wa 2023 nilinunua Galaxy A54 na ndani nikakuta hii Secure Folder tayari, huhitaji kupakua kitu. Inakaa juu ya ile mfumo yao ya usalama inaitwa Knox. Kile nilipenda kwanza ni kwamba sio pazia tu kama kalkuleta, ni kama umepewa simu ya pili ndani ya simu. Ukiweka WhatsApp mle ndani ni WhatsApp ingine kabisa, na laini ingine na meseji zingine, haijuani na ile ya nje. Galari ya ndani haionekani na galari ya nje. Apu ya nje ata uipe ruhusa ya picha zote, itaona tu za nje. Hiyo peke yake ilinitoa mzigo, juu mtoto anaweza cheza gemu yoyote na ile gemu iitishe ruhusa yoyote, vitambulisho vya watu haivioni.

Kuiwasha unaingia setingi, upande wa usalama na faragha, utaiona. Itakuitisha akaunti ya Samsung, tengeneza na barua pepe unayoikumbuka. Halafu hapa sikizeni vizuri: weka PIN tofauti na ile ya kufungua simu. Nyumbani kwangu kila mtu anajua PIN ya simu, mpaka shemeji akija kutoka Bondo anaifungua kuangalia mpira. Ukitumia PIN ile ile kwa Secure Folder hujafunga kitu. Pia iweke ijifunge yenyewe kila skrini ikizima, na hiyo alama yake ya folda unaweza kuiondoa kabisa isionekane kwa skrini. Mimi nimeiondoa. Mtu akishika simu hajui hata kama iko.

Kuna swichi ya kukuwezesha kurudisha PIN kupitia akaunti ya Samsung ukisahau. Iwashe siku ile ile, juu ukisahau PIN na hiyo haiko, vitu vya ndani vimeenda. Na ukifuta Secure Folder yenyewe au uirudishe simu kama ilivyotoka dukani bila kutoa vitu kwanza, pia vimeenda. Wale wanapenda kuruti simu, yaani kufungua kufuli za mfumo wake, nao wajue ikishafanywa hivyo Knox inavunjika na Secure Folder haifanyi tena, hata ukirudisha programu ya kwanza.

Kuna mahali watu wengi wanaanguka na mimi karibu nianguke. Ukihamisha picha kuingia Secure Folder, unahamisha ile ya kwa simu. Kama Google Photos ilikuwa imeshainyakua na kuiweka mtandaoni, hiyo kopi bado iko huko, na mtu yeyote akifungua Google Photos kwa simu yako ataiona. Mimi niligundua baada ya wiki tatu nikitafuta picha ya harusi, kidonda hicho hapo. Kwa hivyo lazima uende pia Google Photos uifute, halafu uende kwa takataka yake uifute tena, juu picha iliyohifadhiwa mtandaoni inakaa kwa takataka siku 60. Galari ya Samsung nayo ina takataka yake ya siku 30. Nilikaa jioni nzima nikifanya hiyo kazi, na nilipomaliza ndio nilisikia hiyo mambo imeisha.

Mahali haijanifurahisha ni meseji. Hapa kwetu meseji za M-Pesa ndio siri yenyewe: mtu akisoma meseji moja tu anajua umetuma nani, pesa ngapi, na umebaki na ngapi. Secure Folder haiwezi kuchukua meseji za laini, zinabaki nje kwa kila mtu. Ile menyu ya M-Pesa ya laini pia iko nje. Nimebaki kuficha maandishi ya meseji yasitokee kwa skrini ikiwa imefungwa, na kufuta za zamani kila Ijumaa baada ya kuandika kwa daftari. Ni kazi ya mkono. Kwa mama wa chama hii ni shida kubwa, sio ndogo.

Sasa nije kwa Maintenance Mode, ambayo kwangu ndio iko na maana zaidi ya hizi mbili na watu wengi wako nayo hawajui. Samsung walianza nayo Korea Kusini 2022, halafu ikaingia simu zao zingine na One UI 5, ile programu ya Samsung inayoendesha simu. Kazi yake ni moja tu, kupeleka simu kwa fundi. Unaingia setingi, pale pa betri na utunzaji wa simu, unashuka chini unaipata, unawasha, unaweka PIN, simu inajizima na kuwaka. Ikiwaka inakuwa kama simu mpya, hakuna picha zako, hakuna namba za watu, hakuna WhatsApp. Fundi anaweza kujaribu kamera, spika, tachi, chaji, kila kitu, na hahitaji PIN yako hata kidogo.

Niliitumia mwaka jana pale pa kuchaji pakianza kulegea. Nikaiwasha nikiwa bado kwa matatu, nikatoa laini na memori kadi nikaweka kwa pochi, juu memori kadi ukiichomoa inasomeka kwa simu yoyote na laini ni M-Pesa. Nikampea fundi, huyu ni mwingine, kijana mpole tu. Akaiangalia akaniuliza, "Mathe, hii simu mbona haina kitu? Umeifomati?" Nikamwambia hapana kijana wangu, vitu viko, ni wewe tu huvioni, fanya kazi yako. Akacheka akauliza inafanywaje, nikamwonyesha. Alimaliza ndani ya dakika arobaini hivi na hakuniitisha PIN mara moja. Kutoka hapo niliweka kidole, simu ikajizima ikawaka, kila kitu changu kikarudi mahali kilikuwa, na zile picha alipiga akijaribu kamera zikafutika zenyewe.

Siwezi kueleza nilivyosikia nikitembea kurudi stendi. Ile siku ya kwanza nilitoka kwa fundi nikiona kila mtu barabarani kama ameniona bila nguo.

Ubaya wake ni huu: lazima skrini iwe inafanya ndio uiwashe. Simu ikishazima kabisa au tachi ikikufa umechelewa, na kioo ndio hupasuka zaidi. Kwa hiyo kama imepasuka lakini bado inashikika, iwashe hapo hapo kabla haijaharibika zaidi. Kama haishikiki, hapo Secure Folder ndio inabaki kukulinda, juu hata ukimpea fundi PIN ya simu, ya ndani hana. Hiyo ndio sababu nasema hizi mbili zitumike pamoja.

Bei ni bure ukishakuwa na simu. Lakini sio kila Samsung iko nayo, zile za bei ya chini kabisa zingine hazina, kwa hivyo kabla ununue ingia setingi hapo dukani utafute neno Secure Folder, usiulize muuzaji, tafuta wewe. Kwa wale wa Tecno, Infinix na zingine, pakua Files ya Google, iko na folda yake ya kufungwa na PIN, ni ya faili na picha tu sio apu, na ukisahau hiyo PIN hakuna kurudi. Wa iPhone kuanzia iOS 18, ile programu ya simu yao ya 2024, unafinya apu kwa muda, unachagua ifungwe kwa uso wako. WhatsApp nayo tangu 2023 ina kufunga chati moja moja, hiyo inafanya kwa simu yoyote.

Na tafadhali wekeni PIN kwa laini yenyewe, sio simu tu. Mwizi akichomoa laini yako akaiweka kwa simu yake, zile namba za siri za kuingia akaunti zinatumwa kwake, na Secure Folder haiwezi kusaidia hapo. Ukikosea hiyo PIN mara tatu laini inaitisha PUK, namba ya kuifungulia, ile iko kwa plastiki ulipewa na laini, kwa hivyo itafute kwanza uiweke mahali.

Kwa mkutano wa mwezi uliopita niliwaonyesha wamama wa chama mahali vitambulisho vyao vinakaa, nikafungua mbele yao nikafunga. Wanne walikuwa na Samsung, watatu kati yao simu zao zilikuwa na Secure Folder, tukawasha hapo hapo tukingoja chai.

Maintenance Mode nampa nyota tano. Secure Folder nne, na ile ya tano nitaiweka siku meseji za M-Pesa zitaweza kuingia ndani.