TAHADHARI: Muuzaji wa turbo "mpya" za Impreza STI anayebadili jina la duka

Wakuu, hasa wenye Subaru Impreza za kasi, WRX na STI, za injini aina ya EJ: kuna muuzaji wa spea mtandaoni anayetangaza turbo (kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi) "mpya, orijino, za kiwandani" kwa karibu theluthi ya bei mnayoijua. Jina la duka silitaji kwa sababu halidumu. Malalamiko yakizidi analifunga, anafungua jingine, na picha ni zilezile. Mtambueni kwa mwendo wake.

Anzeni na picha zenyewe. Turbo moja, juu ya meza ileile ya mbao, inauzwa hapa kama modeli ya VF37, pale kama VF39, na kwingine kama VF48. Mwenye kuzijua hizi turbo, zinazotengenezwa na kampuni ya IHI, anashtuka papo hapo. VF39 ndiyo iliyofungwa kwenye STI za soko la Marekani zilizoanza kuuzwa kama modeli ya 2004, nayo ina njia moja ya moshi. VF37 ni ya STI za soko la Japani, na mlango wake wa moshi umegawanywa na ukuta katikati kuwa njia mbili. Hazibadilishani hivihivi, zinahitaji mabomba tofauti ya ekzosi. Turbo moja haiwezi kuwa zote mbili, labda kwenye tangazo. Ukimwomba picha ya mlango huo wa moshi anakaa kimya, au anakutumia picha aliyoichota kwingine. Mimi ningeomba video fupi: shafti inazungushwa kwa mkono, kibao cha namba kinaonekana vizuri, na pembeni kuna karatasi yenye jina langu. Picha tupu siku hizi inatengenezwa na mtoto yeyote mwenye simu.

Wengi wanadhani tapeli ni yule asiyetuma kitu. Huyu anatuma. VF39 niliyoagiza ilifika kwenye boksi safi, imefungwa kwa nailoni, inang'aa kama kijiko kipya. Shida ilianza nilipomulika ndani kwa tochi. Nje imepigwa rangi ya fedha, lakini ndani ya upande wa moto, unakopita moshi, kuna masizi ya zamani yaliyoganda kwenye kona ambazo brashi haikufika. Kibao kimegongomewa upya: ribiti moja ina kichwa cha mviringo, nyingine bapa. Namba ya spea ilianza na 14411, kama turbo za Subaru zinavyoanza, ila herufi zake zilichongwa kwa kina kisicholingana, nyingine zimezama, nyingine zimeparuza tu. Halafu shafti. Kucheza kidogo kwenda pembeni si kosa kwenye turbo ya beringi za kawaida, maana shafti inaelea juu ya oili, na ikiwa kavu, bila oili, lazima utausikia mchezo huo. Kucheza kwenda mbele na nyuma ndiko kubaya. Hii ilisogea mbele na nyuma hadi panga zikagusa gamba, na alama za mkwaruzo tayari zilikuwepo. Hiyo ni turbo iliyokufa, ikaogeshwa na kupakwa rangi.

Mngesikia utetezi wake sasa! Alisema fundi wangu hakusafisha mrija wa oili kabla ya kufunga, ndiyo maana turbo imekufa. Nikamjibu haijafungwa, bado iko kwenye boksi lake. Akanakili maneno yaleyale na kuyatuma tena. Ni kweli kwamba baadhi ya injini hizi zina kichujio kidogo ndani ya bolti ya mrija wa oili, kikiziba kinaua turbo, na kila anayebadilisha turbo akikague. Lakini hapa ni kisingizio alichokiandaa kabla hajakuuzia.

Baada ya hapo anakubali kurudisha pesa, mradi urudishe mzigo kwa gharama yako, kwenye anwani iliyo nchi nyingine kabisa na mzigo ulikotoka. Kusafirisha chuma kizito umbali huo kunakaribia bei uliyomlipa, na ndicho anachotaka, ukate tamaa.

Kwenye malipo ana wimbo mmoja: tumia PayPal, lakini chagua njia ya kutumiana pesa ndugu na marafiki, ili "tusikatwe ada". Tangu lini mmekuwa ndugu? Malipo ya namna hiyo hayamo kwenye ulinzi wa mnunuzi, na pesa ikienda imekwenda. Lipa kama mnunuzi wa bidhaa au kwa kadi. Akikataa, achana naye.

Waliokataa kunyamaza kuhusu mizigo iliyochelewa amewafanyia jingine. Anatoa namba ya kufuatilia mzigo, namba inaonyesha umefika katika mji wako na umesainiwa, lakini wewe hujaona kitu. Kilichotumwa ni bahasha nyepesi, kwa anwani isiyo yako. Usibishane naye. Iombe kampuni ya usafirishaji uthibitisho wenye uzito wa mzigo na anwani ulikoshushwa. Turbo ina kilo kadhaa. Bahasha ya gramu chache haiwezi kuwa turbo.

Sasa ameanza kuuza pedi na kalipa za breki za Brembo, na usukani wenye eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumka gari likigonga. Turbo mbovu itakula pesa na pengine injini, ila breki feki zinakula watu. Eabegi ndiyo kabisa: mwaka 2012 NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu eabegi bandia baada ya majaribio yake kuonyesha nyingine hazifunguki na nyingine zinarusha vipande vya chuma. Kitu kama hicho kinakaa sentimita chache kutoka kifuani mwako. Sinunui eabegi mtandaoni kwa nisiyemjua, hata iwe ya bure.

Kama umeshamlipa, fungua malalamiko leo, huko huko ulikolipia. PayPal wanakupa siku 180 tangu siku ya malipo, na zile "subiri wiki moja tena" anazokuandikia ni za kuzimaliza siku hizo. Mawasiliano yote yabaki kwa maandishi, kwenye mfumo uleule ulionunulia, hata akikusihi mhamie WhatsApp. Turbo usiifunge wala kuisafisha, na boksi usilitupe: lebo yake ina tarehe, uzito na mahali ulikotumwa mzigo, na ndivyo watakavyoviuliza kwanza.