Makumbusho ya Daktari wa Kalepani, India

Sisi Wazanzibari tunaokwenda India kwa matibabu huzijua njia tatu tu: ya hospitali, ya duka la dawa na ya nyumba ya kupanga. Nilipokuwa Chandigarh nikimuuguza mama, tulipata siku moja ya mapumziko, tukakodi teksi hadi Siswan, kijiji kilicho chini ya vilima vya Shivalik, kuyaona makumbusho ya Dkt. Diwan Singh Kalepani, ambayo familia yake mwenyewe ndiyo iliyoyajenga.

Diwan Singh, Kalasinga aliyezaliwa mwaka 1897, alikuwa daktari wa jeshi chini ya Waingereza, ambao walipomwona anaunga mkono wanaodai uhuru walimhamishia Rangoon, Burma, na kisha, mwaka 1927, visiwa vya Andaman. Sisi wa Pemba hatuhitaji kuelezwa maana ya mtumishi kupelekwa kisiwani ili akome. Wahindi waliviita visiwa hivyo Kala Pani, yaani maji meusi, navyo vilikuwa na gereza la vyumba zaidi ya 600, kila chumba mfungwa mmoja. Gereza letu la Changuu, lililoishia kuwa karantini, halifui dafu mbele yake. Daktari akalichukua jina hilo likawa lake.

Uzuri wa mahali hapa ni kwamba anayesimuliwa ni mzee wa watu kabla hajawa shujaa wa taifa. Mama, ambaye hajui neno la Kipunjabi, alisimama muda mrefu mbele ya picha yake, kilemba na ndevu nyeupe, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu aliye matangani: "Huyu waliomuua ni nani?" Nikamweleza kwamba Wajapani waliviteka visiwa hivyo Machi 1942, kwamba yeye alikataa kuwaachia gurdwara, yaani hekalu la Makalasinga, aliyoshiriki kuijenga Port Blair, mji mkuu wa visiwa hivyo, ili isigeuzwe danguro la askari, na kwamba walimkamata Oktoba 1943 wakamtesa gerezani siku 82, hata akafa tarehe 14 Januari 1944. Mama alivuta ushungi wake, akasoma Fatiha kimoyomoyo, sikumkataza.

Kwangu mimi, utajiri zaidi umo katika ushairi. Diwani yake ya mwaka 1938, *Vagde Pani*, yaani maji yatiririkayo, imeandikwa bila vina wala mizani, na ndani yake anasema kuwa maji hupendeza yakitembea na huvunda yakituama. Sisi tuliolelewa na vina vya kati na vya mwisho bado tunagombana juu ya mashairi ya namna hiyo, naye alikuwa kishamaliza.

Ninapendekeza safari hii bila kusita, ila msomaji asiyejua Gurmukhi, maandishi ya Kipunjabi, kama mimi, afuatane na mwenyeji wa kumsomea. Dereva wetu wa teksi ndiye aliyetusomea, na alipofika kwenye habari za zile siku 82 alinyamaza, akatuomba tutoke nje kidogo avute pumzi.